Mbuzi Juu ya Paa la Gari

Waliosafisha chumba waliruka kona moja ya spika. Inspekta aliitazama kona hiyo, na doa lililokaukia pale, bila kuhisi chochote. Hapo ndipo kichwa cha Mzee Santuri, mwenye chumba, kilipogonga alipoanguka. Tangu amzike mama yake, Inspekta alikuwa akifanya kazi kama mkono ulioulalia: unautuma, unakwenda, lakini huna hakika kama ni wako. Wakubwa wake walimsifu kwa utulivu. Aliwaacha wasifu.

"Kesi hii imekwisha, Afande," alisema Konstebo, ameegemea mlango. "Mpwa wake amekiri waligombana siku hiyo hiyo. Alama za vidole vyake zimejaa kwenye rafu. Mchana huu anasimama mahakamani kwa kosa la kuua, sisi tunakwenda kula."

"Amekiri kugombana au amekiri kuua?"

"Si hayo hayo?"

"Mkeo umegombana naye mara ngapi mwaka huu?"

Konstebo alikohoa, akajifanya anatafuta kalamu. Mke wake alikuwa mkali na kituo kizima kilijua.

Inspekta alivaa glavu, akaufuata ukuta wa rafu. Rafu zilianzia sakafuni zikaishia darini, na zote zilikuwa santuri. Mzee alikuwa fundi mitambo wa redio hadi alipostaafu, na muziki aliopenda ulikuwa mmoja tu: makundi ya vijana wa Kimarekani waliopiga magitaa mazito zamani zile, kabla muziki huo haujapata jina. Vijana hao walifanya mazoezi kwenye banda la gari la baba wa mmoja wao, wakatoa santuri moja, wakaiuza wenyewe, haikununuliwa. Kisha mmoja akaitwa jeshini, mwingine akaoa, kundi likafa. Mzee aliwatafuta watu hao utu uzima wake wote, katika mji ambao hakuna aliyewahi kuwasikia.

Hakuzipanga santuri kwa majina. Mbele ya kila fungu alibandika kikadi chenye jina la mahali. Rafu za juu ziliandikwa Michigan, Ohio. Za katikati Missouri. Za chini kabisa Texas. Ukuta mzima ulikuwa ramani. Kila kundi lilikaa kwao.

"Mtu wa santuri nyingi hivi hakai kimya. Nani alizima muziki?" Inspekta aliuliza.

"Muziki gani?"

"Nakuuliza wewe uliyeandika maelezo ya jirani."

Jirani mwenyewe alikuwa ameshapanda ngazi kuja kuchungulia, futi ya kitambaa shingoni. Alikuwa fundi cherehani wa chini, mtaa mzima ukimwita Mama Vifungo, na alikuwa amenuna tangu siku ya kwanza kwa sababu hakuna aliyemuuliza vizuri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Angalau wewe umefunzwa." Alimtupia Konstebo jicho. "Huyu alinijia na swali moja tu: ulimwona kijana akitoka? Nikasema nilimwona. Akafunga daftari lake, huyoo."

"Mimi nina mengi. Kijana alipotoka, juu kulikuwa kimya au muziki ulikuwa unapigwa?"

"Ulikuwa unapigwa. Ule wa siku zote, wa mtu anayelia kama kabanwa vidole mlangoni. Mimi nimeshona chini ya kelele hizi tangu cherehani yangu mpya, nyimbo zake zote nazijua. Kijana akapita amefura, hata salamu hakunipa. Nikasema, haya, leo wamekoroga huko juu."

"Halafu?"

"Halafu pakatulia. Nikatia mkono mzima wa gauni kwa raha zangu. Kisha ukaanza wimbo ambao sijapata kuusikia humu. Mzito huo! Kama watu wanahamisha kabati. Katikati yake nikasikia kishindo, puu! Nikajua mzee kaangusha spika. Wimbo ukaendelea kidogo, ukakatika."

"Ulikatika vipi? Ulikwaruza?"

Mama Vifungo alifikiri. Alikuwa shahidi mzuri, hakukimbilia kujibu. "Haukukwaruza. Ulinyanyuliwa. Nyumba hii ukigusa ile mashine vibaya inapiga ukelele mpaka chini. Siku ile haikupiga."

Inspekta alimgeukia Konstebo. "Mzee kaanguka na wimbo ukaendelea. Basi aliyenyanyua sindano alikuwa mtu mwingine, na aliinyanyua taratibu. Ulipofika, santuri ilikuwa wapi?"

"Hakukuwa na santuri kwenye mashine, Afande. Mfuniko ulifungwa."

"Kijana aliyemsukuma mjomba wake kwa hasira akasimama kufunga mfuniko?"

Katika kapu la taka kulikuwa na boksi bapa la karatasi ngumu lenye stempu za ng'ambo, limechanwa juzi juzi, gundi ya utepe bado inanata. Boksi lilikuwa la ukubwa wa santuri, na ndani halikuwa na kitu. Basi santuri mpya ilikuwa imeingia ukutani, na Inspekta alianza kuitafuta, akichomoa moja moja kutoka rafu za chini kwenda juu. Konstebo aliangalia saa yake, akahema.

Kazi hiyo ilimfundisha kitu. Kila santuri ilikuwa na mfuko wa karatasi ndani ya jalada, na katika kila jalada mdomo wa mfuko huo ulielekea nje, ukigusana na mdomo wa jalada lenyewe. Mzee aliumwa viungo vya vidole. Akiinamisha jalada kidogo, santuri ilimjia mkononi yenyewe. Haikuwapo hata moja iliyokwenda kinyume, mpaka Inspekta alipopanda kwenye stuli na kufika rafu ya Ohio.

Jalada lile halikuwa na neno hata moja. Lilikuwa na picha tu: mbuzi wa kahawia amesimama juu ya paa la gari, anamtazama mpiga picha kama anayemdai. Kwenye pembe mbili za jalada kulikuwa na gundi ya utepe uleule. Na mfuko wa ndani ulikuwa umegeuzwa, mdomo juu, kwa hiyo santuri isingeweza kutoka bila kuvutwa.

Aliiweka kwenye mashine. Gitaa liliingia zito na chafu, kisha kijana mmoja, ambaye sasa lazima ni babu au ni marehemu, akaanza kupiga ukelele juu ya jambo lililomchoma sana siku hiyo.

"Ndiyo hiyo!" Mama Vifungo alipiga kofi. "Kabati hilo!"

Inspekta aliuacha wimbo ulie zaidi ya ilivyohitajika. Alingoja kuona kama ungemgusa. Haukumgusa, akanyanyua sindano.

Kituoni, mama wa mshtakiwa alikuwa kwenye benchi ya mapokezi, amekumbatia kibegi chenye shati safi la mwanawe la kuvaa mahakamani. Alikuwa dada wa marehemu, tumbo moja. Hakuinuka Inspekta alipopita. Alisema tu, kwa sauti iliyokwisha lia yote, "Kaka yangu mmeshindwa kumrudisha, sikulaumuni. Lakini mtoto huyu ndiye niliyebaki naye. Mkimfunga huyu mtakuwa mmetuzika wote."

"Nimekusikia, Mama."

"Kusikia umesikia. Je, unatafuta?"

"Natafuta."

Ndani, mpwa alikaa na mikono mapajani. Alikuwa dereva wa lori la mizigo, mwili mkubwa, macho mekundu.

"Mligombania nini na mjomba wako?"

"Sakafu."

"Sakafu?"

"Ile dari ya Mama Vifungo imeanza kubonyea, Afande. Zile santuri zina uzito kama mawe. Nilimwambia, Mjomba, hamia kwetu, chumba kipo, utatuletea maafa hapa. Akaniambia nimhamishe mama yangu kwanza, ndipo nimguse yeye. Tukapandishiana. Nikaisukuma rafu kumwonyesha inavyoyumba. Rafu, si yeye. Nikaondoka." Alikwangua meza kwa kucha. "Maneno ya mwisho niliyomwambia ni kwamba anapenda wafu wa Kizungu kuliko ndugu zake."

"Ukimkuta mjomba wako hayupo na santuri iko mezani, utairudisha wapi?"

"Mimi? Nitaiacha hapo hapo. Nani anajua mpango wake? Ni yeye na Daktari tu."

"Daktari gani?"

"Wa meno, yule wa mtaa wa benki. Wamesikiliza muziki pamoja Jumapili zote tangu mimi mdogo. Na kubishana. Walikuwa na kaseti moja iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, na picha ya jalada iliyotolewa fotokopi, ya mbuzi juu ya gari. Kundi halijulikani jina wala kwao. Daktari akasema gari, basi hao ni wa Ohio, kwenye viwanda vya magari. Mjomba akasema mbuzi, basi ni wa Texas. Nani anafuga mbuzi kiwandani? Miaka nenda rudi, Afande. Watu wazima na akili zao."

"Mjomba wako aliwahi kubadili mawazo?"

"Mjomba?" Kijana alicheka kidogo. "Angekula jalada kwanza."

Kwa hiyo Mzee Santuri angemweka Mbuzi rafu ya chini, Texas. Mtu mwingine alimweka juu, Ohio, mdomo wa mfuko ukiangalia dari. Inspekta alipiga simu mahakamani, akaomba shauri lisogezwe hadi mwisho wa orodha ya siku. Karani alinung'unika, akakubali. Kisha alipitia kwa fundi wa simu wa kituo, ambaye hatimaye alikuwa ameifungua simu ya marehemu, na fundi alimpa rekodi moja aliyoikuta humo. Aliisikiliza ndani ya gari, peke yake, vioo vimefungwa. Alipomaliza aliirudia. Halafu aliitia simu ya marehemu mfukoni, akamwambia Konstebo aendeshe.

Kliniki ya Daktari ilinuka karafuu na dawa ya kusafishia. Wagonjwa wawili walikuwa sebuleni, mmoja ameshadungwa ganzi, anabonyeza shavu lake kwa kidole kuona kama bado lipo. Daktari mwenyewe alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, nywele nyeupe zimechanwa kwa maji. Aliwapokea chumba cha nyuma, ambako alikuwa na mashine yake ya santuri na rafu mbili chini ya kabati la vifaa.

"Poleni na kazi," alisema. "Nimempoteza ndugu, si rafiki. Sijalala."

"Pole, Daktari. Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jumapili ile kabla hajafariki. Kama kawaida yetu."

"Siku aliyokufa hukwenda?"

"Sikwenda. Nilikuwa na wagonjwa."

"Asubuhi ulikuwa nao," alisema Inspekta. "Mhudumu wako ameniambia alasiri ulifunga mapema. Lakini hilo tutalirudia. Una habari kwamba alipata santuri ya Mbuzi? Yenyewe, si kaseti?"

Daktari aliinua nyusi, akachelewa kuzishusha. "Hapana. Kweli? Ningependa kuiona."

"Iko maabara. Nimekuletea nyingine, unisaidie kuitambua." Inspekta alifungua mfuko wake wa kazi, akatoa santuri aliyoichukua rafu ya Michigan. Aliitoa kwenye jalada, akaitoa na kwenye karatasi yake, kisha akaishika katikati, vidole vyote juu ya mistari, kama mtu anavyoshika sahani ya kula.

"Kingo! Shika kingo!" Daktari alikuwa ameshasimama. Aliipokonya kwa viganja viwili, hakugusa popote ila ukingoni, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Alipulizia vumbi. Alichukua kitambaa laini kwenye droo, akaifuta kwa mzunguko, uso wake umelegea kwa mara ya kwanza tangu waingie. "Hizi zilitolewa chache sana. Wengine walizitumia kuegeshea milango. Mtu akiharibu hii, hakuna pengine pa kuisikia."

"Samahani. Nirudishie basi."

Aliitia kwenye mfuko wa karatasi. Aliugeuza mfuko robo mzunguko bila kuutazama, mdomo ukaelekea juu, akausukuma ndani ya jalada, akampa.

Inspekta hakulipokea. "Kwa nini unageuza?"

"Vumbi haliingii. Na ikiteleza, haianguki. Nilimwambia rafiki yangu miaka yote, akakataa, vidole vyake..."

"Vidole vyake vilimuuma. Santuri zake zote mdomo uko nje, Daktari. Nimezitazama. Moja tu iko kama hii uliyoshika."

Katika sebule mgonjwa alipiga chafya. Daktari aliliweka jalada mezani, akalinyoosha liwe sawa na ukingo wa meza.

"Na iko Ohio," aliendelea Inspekta, sauti yake haikupanda wala kushuka. "Yeye angeiweka Texas. Unasema hujaiona. Maabara wakikuta vidole vyako kwenye jalada la Mbuzi, utaniambia vilifikaje?"

Daktari alikaa kwenye kiti cha magurudumu cha mhudumu wake. Kiti kikarudi nyuma kidogo, akakiacha kirudi.

"Nisingeweza kuiacha inazunguka," alisema. "Nilimwona amelala pale, nikajua hanisikii tena. Na sindano inaendelea kuila. Ndiyo nakala pekee ya kundi lile niliyowahi kuiona. Niliirudisha mahali pake."

"Mahali pako."

"Mahali pake," alisema Daktari kwa ukali, na hapo hapo ukali ukamwisha.

Konstebo alitoa pingu. Inspekta alimwashiria angoje. "Ilikuwaje?"

"Alinipigia nije. Nikakuta ameiweka kwenye mashine, anacheka peke yake. Anasema, kaa, sikiliza upande mzima kwanza, nina habari za mpiga ngoma. Nikamwuliza habari gani. Akasema amempata, yu hai, amezungumza naye kwa simu." Daktari alitazama mikono yake. "Tulimtafuta pamoja tangu nina nywele nyeusi. Pamoja, Inspekta. Tuliapizana atakayempata amwite mwenzake kwanza. Yeye kaongea naye peke yake. Na kile kicheko. Nilikijua kile kicheko, ni cha kunikoga, cha mtu aliyeshinda. Akasema na mtandaoni ataweka yote, watu wajue kundi ni la wapi. Nikaona nitakavyochekwa na uzee huu. Nikamsukuma anyamaze. Nilitaka anyamaze tu."

"Hukumwuliza mpiga ngoma alisema nini?"

"Nilishajua alisema nini. Ungeona anavyocheka."

Aliinua macho. Rumande ilikuwa inamngoja na bado swali lilimkaa usoni, na Inspekta aliliona kabla hajalitamka.

"Alisema nini?" aliuliza Daktari.

Inspekta angeweza kunyamaza. Kazi yake ilikwisha pale. Alitoa simu ya marehemu mfukoni, akaiweka mezani karibu na jalada, akabonyeza.

Sauti ya mzee wa Kimarekani ilisikika, nzito, inakatikakatika, inasema Kiingereza cha polepole. Wao ni watoto wa Ohio wote wanne. Baba zao walikuwa kiwandani, zamu moja. Gari la kwenye jalada lilikuwa la baba wa mpiga gitaa, na mbuzi alikuwa wa jirani, alipanda mwenyewe, hakuna aliyempandisha. Texas hawajawahi kufika. Kisha Mzee Santuri akamshukuru, akamwombea afya, simu ikakatwa. Lakini rekodi haikuzimwa. Vidole vilimsumbua. Alisikika akihema, kiti kikilia, na kile kicheko kikaanza chini chini, kikapanda.

"Loo! Ohio!" alisema Mzee Santuri, peke yake chumbani. "Daktari atanitambia mpaka kaburini. Hebu nimwite aje anicheke."

Rekodi iliisha. Daktari hakulia. Mdomo wake ulifunguka upande mmoja tu, kama wa wagonjwa wake, na ukabaki hivyo. Konstebo, ambaye hakuwa na ubaya moyoni, alimfunga pingu kwa mbele, akazilegeza kidogo. Walipopita sebuleni mgonjwa mwenye ganzi aliuliza kama zamu yake imefika.

Karatasi za kumwachia mpwa zilimaliza saa nzima, mihuri ikitafutwa huku na huku. Alitoka amevaa shati safi alilopaswa kusomewa mashtaka nalo. Mama yake alimshika usoni, akamshika mabega, kisha akamshika mkono na hakuuachia tena. Kijana alianza kulia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya askari. Mama hakulia. Alimtazama Inspekta juu ya bega la mwanawe.

"Ni Daktari?"

"Ni Daktari, Mama."

"Yule alikula kwangu. Alinipa pole msibani, akabeba jeneza. Walikosana nini?"

Katika faili Inspekta alikuwa ameandika ugomvi wa muda mrefu baina ya marafiki, na ilikuwa kweli, lakini hakuweza kumtamkia mama huyu maneno hayo.

"Mbuzi, Mama. Waligombania mbuzi alitoka wapi."

Mama alisimama pale mapokezi, mkono wa mwanawe umo mkononi mwake, akilipima jibu hilo.

"Kaka yangu," alisema, "hakuwahi kufuga mbuzi."